Mimea Migeni na Mpaka wa Ardhi: Historia ya Upandaji katika Nyanda za Baridi za Karatu na Ngorongoro, 1892–2022

Kutoka ufuko wa Ziwa Eyasi hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, nchi hupanda kutoka takribani mita 1,030 hadi zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi za Selsiasi katika kila mita 1,000 za mwinuko, mtu anayeondoka Mang'ola asubuhi, penye mikoche na mashamba ya vitunguu vya umwagiliaji, akafika ukingoni jioni, huwa amevuka tofauti ya nyuzi saba au nane bila kwenda mbali. Kati ya ncha hizo mbili ndipo ulipo mji wa Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, na juu yake yamo mashamba ya kahawa ya Oldeani, kisha msitu, kisha lango la Lodoare linaloingiza Hifadhi ya Ngorongoro.

Makala hii inachunguza namna mimea iliyotoka mbali ilivyopandwa, ikatunzwa na baadaye ikang'olewa katika nyanda hizo za baridi. Maandiko mengi kuhusu mimea ya aina hiyo yameuona mwinuko na baridi kuwa ndivyo vilivyoamua kipi kiote na kipi kife. Jambo hilo ni kweli kwa kiasi chake, lakini halielezi kwa nini mti uleule uliheshimiwa upande mmoja wa Lodoare na kukatwa upande wa pili, ilhali hewa ya pande hizo mbili haitofautiani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hatima ya mimea migeni katika eneo hili imefuata sheria ya ardhi zaidi ya kufuata hali ya hewa. Karatu, kupanda mti kulikuwa njia ya mtu kujipatia ushahidi wa kumiliki. Ngorongoro, kupanda kuligeuka kuwa kosa, na mmea wenyewe ukapewa jina la mvamizi.

Mitende mahali pasipo na minazi

Jamii ya mitende ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha wazi zaidi mipaka ya baridi. Mnazi hutaka wastani wa joto wa nyuzi 27 hivi, na ukipandwa kwenye nyanda za juu hudumaa, au huishi miaka mingi bila kuzaa. Mchikichi, ambao Kigoma ni uti wa mgongo wa mapato ya kaya nyingi, nao haufai. Mikoche huishia kwenye joto la bonde la Eyasi. Unaobaki ni mkindu, mtende wa asili ya Afrika unaopatikana kuanzia pwani hadi kwenye mito ya nyanda zinazozidi mita 2,000, na ambao unaonekana kwa wingi katika msitu wa chemchemi wa Manyara, chini kidogo ya Karatu. Majani yake, yaani ukindu, yamesukwa mikeka na vikapu tangu kale.

Pamoja na mkindu, nyanda za juu za Afrika Mashariki zilipokea mitende ya nje inayovumilia baridi: mtende wa visiwa vya Kanari, ambao hustahimili hata jalidi ya muda mfupi, na washingtonia wa California na Meksiko. Katika bustani za Nairobi na Arusha, miji iliyo kwenye mwinuko unaokaribiana na ule wa Karatu, mitende hiyo imekuwa sehemu ya sura ya majengo ya serikali, makazi ya walowezi na hoteli. Haikuletwa kwa ajili ya tunda, mbao wala ukindu. Ililetwa ili ionekane. Jambo hili linaweza kudhaniwa kuwa dogo, lakini mtu anayetenga sehemu ya ardhi yenye rutuba kwa mti usioliwa anatangaza kwamba ana ardhi ya kutosha na kwamba hategemei kuondoka.

Ulinganisho na pwani unasaidia hapa. Katika mwambao wa Waswahili na visiwani Unguja na Pemba, mnazi uliweza kuwa mali inayojitegemea: mtu alimiliki miti bila kumiliki udongo ulioibeba, akairithisha, akaiuza au akaiweka rehani. Huko mti ulikuwa mali kwa sababu ulizaa. Katika nyanda za baridi mtende wa bustani haukuzaa chochote cha kuuza, na thamani yake yote ilitokana na ardhi iliyo chini yake.

Elimu ya kuchagua mmea kwa kufuata mwinuko haikuanzia Karatu. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kituo cha majaribio ya kilimo huko Kwai, Usambara Magharibi, mwaka 1896, kwa lengo la kujaribu mazao na mifugo ya Ulaya mahali penye baridi, kisha mwaka 1902 ukaanzisha taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, ambako miti na mazao ya kutoka mabara mengine yalipandwa katika vitalu vya miinuko mbalimbali. Franz Stuhlmann, aliyeiongoza taasisi hiyo, alichapisha mwaka 1909 kitabu kikubwa kuhusu historia ya utamaduni wa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa yake inafuatilia asili ya mimea inayolimwa. Kazi ya namna hiyo, hata kama ilifanywa kwa maslahi ya ukoloni, inadhihirisha jambo ambalo watetezi wa usafi wa mimea ya asili hulisahau: mahindi, maharage, muhogo na viazi vyote vilitoka Amerika, na migomba ilitoka Asia. Mkulima wa Karatu anayekula ugali kwa maharage anakula mimea migeni mitupu.

Mti kama hati

Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika Ngorongoro mwezi Machi 1892, aliikuta nchi ikiwa katika maafa. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na Wamaasai aliokutana nao walikuwa wakifa kwa njaa. Ni muhimu kuuanza mjadala wa ardhi hapo, kwa sababu nchi ambayo wageni wa baadaye waliiita tupu ilikuwa imeachwa tupu na maradhi muda mfupi kabla yao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa tayari na mashamba ndani ya kreta yenyewe, na Adolph Siedentopf aliishi karibu na mto Munge. Magofu ya nyumba yamebaki huko hadi leo.

Kwa upande wa kusini, Wairaqw walikuwa wakitoka katika kitovu chao cha milima ya Mbulu, ambako kilimo cha mbolea ya samadi na matuta kilikuwa kimefikia kiwango cha juu kwa sababu ya ufinyu wa ardhi, na kusogea kaskazini kuelekea Karatu. Robert Thornton, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1980, ameeleza uzito wa ibada za kuweka mipaka katika maisha ya Wairaqw: nchi, yaani aya, ilihesabiwa kuwa nchi ya watu pale tu mpaka wake ulipokwisha kuzungukwa na kutakaswa. Wamaasai nao walikuwa na mmea wao wa mpaka. Jina la Manyara hutajwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mnyaa, mmea wenye utomvu unaopandwa kuzunguka boma. Kwa hiyo kupanda kama tendo la kudai mahali hakukuletwa na Mzungu. Alicholeta Mzungu ni aina za mimea na, zaidi ya yote, ofisi ya kuzitambua.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaitangaza ardhi yote kuwa ya umma, mtu akipewa haki ya kuikalia tu. Wajerumani walizuiwa kurudi hadi mwaka 1925. Walioruhusiwa kurudi walikwenda kwa wingi Oldeani, kwenye miteremko ya volkano inayopokea mvua za pepo za Bahari ya Hindi, wakapanda kahawa. Shamba linalojulikana leo kama Gibb's Farm lilianzishwa na walowezi wa Kijerumani mwaka 1929. Kahawa aina ya arabika, yenye asili ya Ethiopia, iliupenda mwinuko huo, lakini ilihitaji kivuli na kinga ya upepo. Ndipo ukaja mgrevilea wa mashariki mwa Australia, ambao mizizi yake haishindani sana na kahawa na ambao hukubali kukatwa matawi mara kwa mara. Ukaja mkaratusi kwa nguzo na kuni. Ukaja mjakaranda wa Amerika Kusini kwa ajili ya barabara za kuingilia mashambani. (Mfanano wa sauti kati ya mkaratusi na Karatu usimpotoshe msomaji, jina la mti limetoholewa kutoka jina lake la kitaalamu, na halihusiani na jina la mji.)

Mpangilio wa miti hiyo ulikuwa na kazi ya kisheria. Aliyepewa haki ya kukalia ardhi alitakiwa kuiendeleza, na hakuna maendelezo yaliyoonekana kwa urahisi na afisa aliyepita kwa gari kuliko mstari ulionyooka wa miti mirefu. Vita vya mwaka 1939 vilipoanza, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mali zao zikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Mashamba yalibadilisha mikono. James Gibb alilinunua lake mwaka 1948. Watu waliondoka, lakini mistari ya miti ilibaki ikiwaonyesha wamiliki wapya mahali dai la mwenzao wa awali lilipoishia.

Hapa pana udhaifu wa ushahidi wenyewe. Mti mkubwa humweleza mtafiti kwamba mtu fulani aliamuru upandwe, lakini haumwelezi nani aliyechimba shimo, aliyebeba maji wakati wa kiangazi, wala aliyeufunika mche usiku wa baridi ya Julai. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua, Wairaqw na wengine waliotoka mbali, ambao nyaraka za mashamba ziliwahesabu kwa idadi na si kwa majina. Ni hao hao, hata hivyo, waliobeba mbegu na vikonyo hadi kwenye viwanja vyao. Kuenea kwa mgrevilea kwenye mipaka ya mashamba madogo ya Karatu hakuwezi kuelezwa kwa kampeni za serikali pekee; mashamba makubwa yalikuwa shule isiyo na mwalimu.

Kwa mkulima mdogo, mantiki ya mti ilikuwa nzito zaidi kuliko ilivyokuwa kwa mlowezi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1928 yalitambua kwamba mwenyeji aliyekalia ardhi kwa mila alikuwa na haki, lakini hayakumpa karatasi. Palipozuka mgogoro, au serikali ilipotwaa ardhi, kilichohesabiwa na kufidiwa kilikuwa maendelezo: nyumba, kisima, mazao ya kudumu. Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958 kuhusu ardhi kama mali ya taifa, alisimamia msimamo unaofanana na huo: ardhi si ya mtu, ila jasho alilolimwaga juu yake ni lake. Katika fikra hiyo mgrevilea ni jasho lililosimama wima. Makazi ya mpango ya Upper Kitete, yaliyoanzishwa baada ya uhuru kwa ajili ya kilimo cha ngano, na baadaye vijiji vya Ujamaa, yalibadilisha ramani ya umiliki, lakini desturi ya kuweka miti mpakani haikufa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipotaka mipaka ihakikiwe ili hati za kimila zitolewe, majirani walikuwa na alama hai za kuonyeshana.

Kutoka mgeni hadi mvamizi

Kiswahili kina heshima kubwa kwa neno mgeni. Mgeni huja mwenyeji apone. Hukaa siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Methali hiyo ya pili inabeba nadharia nzima ya uenyeji: mtu huacha kuwa mgeni kwa kufanya kazi, si kwa kuthibitisha asili yake. Istilahi ya uhifadhi imekwenda njia nyingine. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, katika ibara yake ya nane, unazitaka nchi wanachama kuzuia, kudhibiti au kuangamiza spishi ngeni zinazotishia mifumo ya ikolojia, makazi au spishi nyingine. Wanasayansi hutofautisha kwa makini mmea mgeni na mmea vamizi, kwa kuwa mimea mingi migeni haivamii chochote. Katika matumizi ya kiofisi na ya magazeti tofauti hiyo huyeyuka haraka.

Ngorongoro ilitengwa na Karatu kisheria kwa hatua. Mwaka 1951 iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi lenye matumizi mseto, likiwa na kilometa za mraba zipatazo 8,300, ambamo watu, mifugo na wanyamapori vingeishi pamoja. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1992, njaa ilipokuwa imewabana wafugaji ambao mifugo yao haikuwatosha tena, kisha ikarudishwa mwaka 2009. Kwa kipindi kirefu, basi, mama aliyepanda mahindi na maharage nyuma ya nyumba yake alikuwa mvunja sheria au mwenye kuvumiliwa kwa kutegemea mwaka aliopanda.

Katika miaka hiyohiyo mikaratusi, miwati na mijakaranda ilikuwa ikikua kuzunguka makazi, ofisi na hoteli za ukingoni, mahali penye baridi inayodai kuni kila jioni. Mwati wa Australia, ambao Njombe ulipandwa kwa maelfu ya ekari kwa ajili ya magome yake, huacha mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi na kuota kwa nguvu baada ya moto. Pia ulikuwapo mtambaa wa miiba uitwao kitaalamu Caesalpinia decapetala, uliopandwa kama uzio kwa sababu hakuna ng'ombe anayeupenya. Kile kilichoufanya uzio bora ndicho kilichoufanya adui wa msitu. Orodha za mimea vamizi za eneo la hifadhi zimejumuisha pia mnanaha, lantana, bangi mwitu na agemone ya Meksiko yenye maua ya njano, na kazi ya kuing'oa imegharimu nguvu na fedha nyingi.

Uzito wa tatizo hilo hauna budi kukubaliwa. Gugu karoti, lililothibitishwa mkoani Arusha mwaka 2010, hufuata magari na kifusi cha barabara, huua malisho, na huwasha ngozi za watu na mifugo. Barabara kuu ya watalii inapita Karatu na kuingia Lodoare. Iwapo gugu hilo litatawala nyanda za malisho, atakayeumia kwanza ni mfugaji na nyumbu, si mwandishi wa sera.

Lakini kreta yenyewe inatoa ushahidi unaovuruga lugha ya ugeni. Mimea miwili iliyowatia wahifadhi wasiwasi mkubwa katika nyasi za kreta, Bidens schimperi na Gutenbergia cordifolia, ni ya Afrika. Haikuletwa na mlowezi, hoteli wala lori. Ilikuwapo, na ikaongezeka baada ya matumizi ya ardhi kubadilika. Wafugaji walikuwa wakichoma nyasi kuukuu kwa zamu na ng'ombe wao wakila zilizochipua. Walipoondolewa mwaka 1974 na moto kuzuiwa, nyasi ndefu na magugu magumu vilipata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya vifo vya nyati vilivyohusishwa na kupe na ukame, mamlaka ya hifadhi ilirudia uchomaji uliopangwa. Ujuzi uliokuwa umefukuzwa pamoja na wenyewe ulirudi ukiwa umevaa sare. Tukio hilo halijapewa nafasi inayostahili katika historia ya mimea ya Ngorongoro, pengine kwa kuwa halina mgeni wa kulaumiwa.

Pande mbili za lango

Karatu ilipotengwa na Mbulu na kuwa wilaya katika miaka ya 1990, utalii ulikuwa umeanza kuibadilisha. Gibb's Farm, ambayo Margaret Gibb aliifungulia wageni mwaka 1972, ilikuwa imeonyesha kwamba bustani ya maua na mboga za nchi za baridi inaweza kuuzwa kama mandhari. Hoteli zilizofuata zilipanda nyasi, mitende ya mapambo na maua ya Afrika Kusini na Amerika kwa ajili ya mgeni anayelala usiku mmoja kabla ya kushuka kreta. Mtalii hupita asubuhi katika mandhari iliyotengenezwa kwa mimea ya mabara matano, kisha huingia Lodoare kuona kile anachoelezwa kuwa asili isiyoguswa. Kwa mtazamo wa historia, mandhari zote mbili zimetengenezwa, ya kwanza kwa jembe na ya pili kwa marufuku ya jembe.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro waliojiandikisha kwa hiari, kama ilivyoelezwa rasmi, katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Uhiari huo umepingwa vikali na wakazi wengi pamoja na watetezi wao, na mjadala huo unahitaji utafiti wake wenyewe. Linaloihusu makala hii ni kifurushi kilichotangazwa kwa kila kaya: nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari mbili na nusu, na ekari tano za shamba. Watu waliokuwa wamekatazwa kulima katika nchi ya baridi waliyoijua walikabidhiwa shamba katika nchi ya joto ya chini ambayo wengi wao hawakuwahi kulala. Mbegu ya maharage ya ukingoni haistawi kule, na msimu wa mvua hauji kwa mwezi uleule. Walipofika Msomera waliwakuta wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga hapo tangu zamani, na baadhi ya wenyeji hao walianza kuonyesha miti waliyoipanda.